Vishikwambi 24, wanafunzi 85, hakuna intaneti: tuanzie wapi?

Mwl_DarasaSita

Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo. Shule ya msingi ya kijijini, umeme wa gridi haujafika. Tumepata msaada wa vishikwambi 24 vya Android (betri mAh 5,000), laptopu moja ya Windows 10 na projekta ya taa. Sola iliyopo ni paneli 2 za wati 150, betri moja N100 na inveta iliyoandikwa wati 500. Darasa la Sita lina wanafunzi 85, kipindi dakika 40. Laptopu tumeiwekea Kolibri (programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti) yenye masomo ya hisabati ya Kiswahili.

Shida ni hizi: tukiwasha hotspoti ya laptopu, vishikwambi vichache vinaunganika, vingine vinagoma. Inveta inalia halafu inazima. Na mwalimu mkuu hataki vitoke stoo. Tufanyeje?

Waya_na_Ruta

Mwalimu, la hotspoti si ubovu. Windows 10 inaruhusu vifaa 8 tu kwa wakati mmoja, cha tisa lazima kigome. Achana nayo, tafuta ruta ndogo ya Wi-Fi, hata ile ya nyumbani. Haihitaji laini wala bando.

Chomeka waya wa mtandao kutoka laptopu kwenda tundu la LAN la ruta (la vifaa vya ndani), si lile la WAN (la kuleta intaneti), ambalo mara nyingi lina rangi tofauti. Watu wengi wanakwama hapo hapo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya ruta, uitengee laptopu anwani isiyobadilika, mfano 192.168.0.110. Usipofanya hivyo, ipo siku anwani itabadilika na darasa zima litaona ukurasa mweupe. Kwenye vishikwambi unafungua kivinjari na kuandika 192.168.0.110:8080, unaihifadhi kama alama kwenye skrini ya mwanzo ili watoto wasiandike namba kila siku.

Mambo manne ya kuangalia kabla hujasema mtandao mbovu:
- Windows ikiuliza kama Kolibri iruhusiwe kupita kwenye mtandao, ruhusu mitandao ya binafsi na ya umma. Ukibonyeza kukataa, laptopu itajiona yenyewe tu.
- Zima laptopu kulala. Ikilala katikati ya kipindi, wote wamekatika.
- Android itadai "hakuna intaneti" na kutaka kuiacha Wi-Fi. Chagua ibaki imeunganishwa, na kama kuna laini ndani, zima data.
- Zima masasisho ya otomatiki ya programu. Siku kishikwambi kikikutana na intaneti mjini kitamaliza bando lote kabla hujashusha somo hata moja.

Video msifungue vishikwambi vyote kwa pamoja. Ruta ya bei nafuu itakwama mapema sana. Video ionyeshwe moja kwa projekta, vishikwambi vifanye mazoezi, maana maswali ni mepesi kwa mtandao.

FundiSola

Naongezea ya umeme. Piga hesabu kwanza: chaja 24 za wati 10 ni 240. Projekta ya taa iweke 280. Laptopu 65. Jumla 585, na inveta yako ni 500 kwenye boksi. Nyingi za bei rahisi huandika nguvu ya kilele, ya kudumu ni nusu yake. Lazima ilie.

Sasa betri. N100 ni volti 12 kwa Ah 100, yaani Wh (wati-saa) 1,200, ila ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una kama Wh 600 za kutumia. Kishikwambi kimoja kilichokwisha kinakula kama Wh 26 ukijumlisha kinachopotea kwenye inveta na chaja. Mara 24 ni 624. Umeona? Kuchaji vyote usiku kunamaliza akiba yote, na projekta kwa dakika 80, pamoja na hasara ya inveta, ni kama Wh 440 nyingine.

Kwa hiyo chaji mchana, jua likiwa kali, saa 4 hadi saa 8, vishikwambi 12 kwa awamu. Paneli zako zikipata saa 5 za jua zuri zinatoa kama Wh 1,000 baada ya hasara, zinatosha. Siku ya projekta usichaji.

Kosa linaloua betri nyingi mashuleni ni inveta kufungwa moja kwa moja kwenye betri. Kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri) haiwezi kuikata, na inveta yenyewe inasubiri hadi volti 10.5, betri ikiwa imeshakauka. Nunua multimita, kifaa cha kupimia volti. Betri ikipumzika saa moja bila mzigo na kusoma volti 12.2, hapo ndipo pa kuacha. Waya wa betri kwenda inveta uwe wa milimita za mraba 16, usizidi mita moja na nusu, fyuzi ya ampea 60 karibu na betri. Waya mwembamba unashusha volti, inveta inalia wakati betri bado nzima, na mnaishia kununua betri mpya bure.

Mwalimu_Bungoma

Kutoka Kenya. Mradi wetu wa kitaifa wa vifaa vya dijitali ulianza 2016 kwa darasa la kwanza, na malalamiko ya vifaa kufungiwa kabatini yalisikika kwingi. Watu waliwalaumu walimu kwamba wanaogopa teknolojia. Mimi nadhani kilichoogopwa ni ufunguo: anayeushika ndiye atakayeulizwa kifaa kikipotea, na hakuna anayemuuliza kifaa kisipotumika. Mwalimu mkuu wako ana akili timamu kabisa.

Mpunguzie mzigo kwa maandishi. Kila kishikwambi kipewe namba ya rangi nyuma, na namba ya utambulisho ya kifaa (IMEI au ya kiwandani) iandikwe kwenye leja. Kisha daftari la kutoa na kupokea: tarehe, kipindi, idadi iliyotoka, idadi iliyorudi, kilichoharibika, saini mbili. Kamati ya shule ipitishe kwenye mkutano, iingie kwenye muhtasari, kwamba kioo kikipasuka darasani kwa bahati mbaya halipi mwalimu aliyesaini. Bila sentensi hiyo hamtaona kishikwambi darasani, hata muwe na umeme wa kutosha kijiji kizima.

Chaki_Bado

Darasani sasa. Wanafunzi 85, weka wanne wanne, ni makundi 22, vishikwambi viwili vinabaki akiba. Omba vipindi viwili mfululizo, mara moja kwa wiki, darasa moja tu kwa muhula mzima. Dakika 40 hazitoshi, kugawa kiholela kunakula robo yake. Kiongozi wa kundi achukue namba yake ileile kila wiki.

Mtoto mmoja atakiteka kishikwambi, atake asitake mwenzake. Basi mmoja ashike, mmoja asome swali kwa sauti, wawili wakokotoe kwenye daftari, kisha wazunguke kila baada ya swali. Jibu halibonyezwi mpaka daftari liwe na njia.

Kolibri: tengeneza akaunti 22 kwa namba za makundi, na kwenye mipangilio ondoa sharti la nywila kwa wanafunzi. Rekodi itakuonyesha kundi, haitakuonyesha mtoto, kwa hiyo jaribio la karatasi la maswali matano mwishoni usiliache.

Mwl_DarasaSita

Ahsanteni sana. Likizo ya Desemba tuvihifadhi vikiwa vimejaa?

FundiSola

Hapana. Vizime vikiwa asilimia 50 hivi, sehemu isiyo chini ya bati moja kwa moja. Betri ya lithiamu iliyojaa kwenye joto ndiyo inayovimba na kuinua kioo. Mkifungua shule Januari, chochote kilichovimba kisichajiwe. Na chaji kontrola iachwe na paneli zake ikiendelea, betri ya asidi haipendi kulala na njaa.