Watoto wa Bibi (wanakikundi 17)

[07:02] Da Rehema: Asalaam aleikum wote. Zuhura katimiza 30, hajapimwa saratani ya mlango wa kizazi hata mara moja. Shirika la Afya Duniani linasema umri wa kuanza ndio huo. Alhamisi nampeleka. Nani twende naye?

[08:31] Da Rehema: Mmesoma watu 11. Kimya.

[09:15] Mjomba Hamadi: Apimwe ya nini, na mume hana? Akili yenyewe ya kitoto.

[09:17] Da Rehema: Mjomba, akili mbali, kizazi mbali. Hata muuguzi aliniambia hivyo hivyo, "huyu hana haja". Ndivyo wenziwe wanavyorukwa.

[09:20] Juma: Mimi nakuja kama gari lina kiyoyozi 😂

[09:26] Mwanaidi: Juma, koma. Da Rehema, ile siku ya jino umeisahau? Ukamwambia anakwenda harusini, akavaa gauni lake la njano, wakamkamata watu wanne. Mpaka leo akiona koti jeupe anajifungia chooni.

[09:28] Da Rehema: Nilikuwa na miaka 19, niko peke yangu. Wewe ulikuwa wapi?

[09:28] Mwanaidi: Unajua nilikokuwa.

[09:30] Juma: Kwani ile harusi ilikuwa ya nani? 😂😂

[09:41] Da Rehema: Safari hii hashikwi na mtu. Kuna kipimo cha virusi vya HPV, ndivyo vinavyoleta saratani hiyo, anajichukulia mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, kapazia kamefungwa. Kile chuma cha kupanulia hakipo. Virusi vikionekana ndipo daktari atamwangalia. Nimemchorea picha, hatua kwa hatua. Kila jioni anazitaka tena.

[09:50] Mjomba Hamadi: Sijaona sababu bado. Huyo hajaguswa.

[10:04] Mwanaidi: Bibi kasema niandike kama alivyotamka: "Hamadi, nani kakwambia hajaguswa? Ulimwuliza? Shuka nilifua mimi. Neno hilo usilirudie. Na huyo Zuhura, mwulizeni mwenyewe."

[10:06] Ujumbe huu umefutwa

[14:10] Da Rehema: Nimemwuliza. Atakwenda. Anataka gauni la njano. Ndani aingie na Mwanaidi, mimi ningoje nje.

[14:32] Mwanaidi: Alhamisi niko zamu ya mchana. Ijumaa?

[14:33] Da Rehema: Ijumaa hawapimi. Omba kubadilishana.

[14:33] Da Rehema: Mwanaidi?

[23:48] Kaka Salimu: Samahani, nilikuwa kazini. Naona gauni, gari… nani anaolewa?