Chaji ya uso wa faji MS2: zeta inatoka −4 mV na nukta isoelektriki 5.6. Panavuja wapi?

chujio_la_mchanga

Wakuu, habari za kazi.

Napima chaji ya uso wa bakteriofaji MS2 (kirusi kinachoshambulia bakteria E. coli) kwa kifaa cha leza kinachosoma mwendo wa chembe ndani ya uga wa umeme. Shida yangu ni kujua faji itanasa vipi kwenye mchanga wa chujio la maji, maana MS2 ndiyo inayosimama badala ya virusi vya utumbo kwenye majaribio yetu.

Maandalizi: klorofomu, sentrifuji, halafu PEG 8000 (polima ya kushusha faji) asilimia 10 pamoja na NaCl 0.5 M, usiku kucha kwa nyuzi 4. Mashapo yameyeyushwa kwenye bafa ya SM (Tris 50 mM, NaCl 100 mM, MgSO₄ 8 mM, pH 7.5). Hesabu ya plaki (madoa ambayo faji hai huacha kwenye bakteria) ni 2 × 10¹¹ kwa mililita. Seli ya kapilari imejazwa sampuli yote, volti 150.

Matokeo: zeta (volti kwenye ukingo wa tabaka la maji linalosafiri na chembe) ni −4 mV, kilele kipana, kila rudio na jibu lake, na elektrodi zinageuka nyeusi. Niliposhusha pH ya sampuli hiyohiyo kwa HCl, chaji ilivuka sifuri kwenye 5.6, yaani nukta isoelektriki. Machapisho mengi yanaiweka MS2 kati ya 3.1 na 3.9. Naombeni msaada.

koloidi_na_maji

Mkuu, weka chaji kando kwanza, pima ukubwa. MS2 ina kipenyo cha nm 27 hivi. Kwa chembe ndogo namna hii, mwanga unaotawanywa hupanda kwa kipeo cha 6 cha kipenyo, kwa hiyo donge moja la nm 100 linang'aa sawa na faji 2,600. Kipande kimoja cha utando wa E. coli kwa kila faji elfu moja kinatosha kuiba kipimo chote. Hiyo 5.6 yako naiona kuwa ni ya takataka zaidi kuliko ya faji.

PEG peke yake haisafishi. Inashusha faji, inashusha na ribosomu na vipande vya utando, kisha yenyewe inabaki: inajishikiza kwenye kapsidi (ganda la protini la faji), inasogeza nje tabaka la maji linalosafiri na chembe, na mwendo unapungua bila chaji kubadilika hata kidogo. Baada ya kuyeyusha mashapo, tikisa na klorofomu ujazo kwa ujazo, zungusha, chukua tabaka la juu tu. Weka vimeng'enya DNase na RNase A kumaliza asidi nukleiki zilizo huru. RNA iliyo ndani ya kapsidi haiguswi. Ila RNase A ni protini yenye chaji chanya, ukiiacha inaganda juu ya faji na kukuongopea, kwa hiyo hatua hiyo ije kabla ya usafishaji wa mwisho, isije baada yake.

Usafishaji wa mwisho ni gradienti ya CsCl (kuzungusha kwa kasi kubwa ili chembe zitengane kwa msongamano), kisha dayalisisi (molekuli ndogo zinatoka kupitia utando) kwa utando wa 100 kDa. Protini ya koti ina 13.7 kDa, na hata zikiwa mbilimbili zinapita na kutoka. Badilisha maji ya nje mara tatu, kila mara yawe angalau mara 500 ya ujazo wa sampuli. Bafa ipite kwenye chujio la µm 0.02, sampuli kwenye µm 0.1 lisilonasa protini. Lile la 0.22 linaachia madonge yaleyale unayoyakimbia.

Usiendelee mpaka ukubwa usome nm 27 hadi 30 na kielezo cha mtawanyiko (chembe zinavyotofautiana kwa ukubwa) kiwe chini ya 0.1.

Na sampuli yako ni nyepesi mno. Chembe 10¹² za MS2 kwa mililita ni kama µg 6 tu za faji. Lenga 10¹³.

chujio_la_mchanga

Asante mkuu. Sentrifuji ya kasi kubwa hatuna, kwa hiyo CsCl haiwezekani. Kuna njia nyingine?

koloidi_na_maji

Ipo. Safu ya Sephacryl S-300 (jeli inayotenga kwa ukubwa), maji yakishuka kwa uzito wake. MS2 (MDa 3.6 hivi) ni kubwa kuliko matundu ya jeli, inatoka mwanzo kabisa, protini ndogo, RNase na nukleotidi zinafuata nyuma. Ribosomu nayo ingetoka mwanzo, kwa hiyo tia EDTA (inakamata magnesiamu; iwe zaidi ya ile 8 mM ya SM) pamoja na RNase kabla ya safu ili isambaratike. Kusanya mafungu ya ml 0.5 na upime ukubwa wa kila moja. Yale ya kwanza kabisa mara nyingi yana madonge, yaache.

bafa10mM

Niongezee upande wa umeme. SM haifai kwa kazi hii. Upitishaji wake unazidi 10 mS/cm. Ukiipa volti 150 unapasha joto sampuli, viputo vinatoka, na protini inaungua juu ya elektrodi. Weusi unaouona ndio huo. Zaidi ya hapo, magnesiamu inashikamana na makundi ya kaboksili usoni na kufifisha chaji hasi. Kwa hiyo −4 mV ndani ya SM huenda si uongo mtupu, lakini huwezi kuilinganisha na namba iliyopimwa kwenye NaCl 1 mM.

Tumia NaCl 10 mM, upitishaji kama 1.2 mS/cm. Volti 40 hadi 60, mapumziko ya sekunde 60 kati ya mizunguko. Jaza seli kwa bafa tupu kwanza, kisha kwa ncha ndefu ya pipeti shusha µl 50 za sampuli chini kabisa kwenye mkunjo wa kapilari. Hapo faji haifiki kwenye elektrodi kabla hujamaliza. Ukimaliza, pima ukubwa tena: ukipanda, tupa matokeo.

Sasa hesabu, maana wengi huachia programu ichague. Kifaa kinapima mwendo. Zeta ni tafsiri. Fomula ya Smoluchowski ya kugeuza mwendo kuwa zeta inataka chembe iwe kubwa sana kuliko unene wa wingu la ioni linaloizunguka. Kwenye 10 mM unene huo ni nm 3 na nusukipenyo cha MS2 ni nm 13.5, uwiano 4.4, na kipengele cha Henry (sahihisho la uwiano huo) kinatoka 1.13 badala ya 1.5. Mwendo wa −1.5 µm·cm/V·s kwa Smoluchowski ni −19 mV. Kwa Henry ni −25 mV. Faji ileile, kipimo kilekile! Andika mwendo, pH, aina ya chumvi na joto. Zeta iweke pembeni kama unaitaka.

Kifaa chenyewe kikague kwa chembe za lateksi za kipimo zenye zeta ya −42 mV (± 4.2) kabla ya kuanza.

pH_na_plaki

Kosa lingine ni kutitreti kichupa kimoja (kushusha pH ya sampuli ileile hatua kwa hatua). Faji ikikaribia nukta yake isoelektriki inagandana, na ukiendelea kushusha pH madonge hayarudi kuwa faji mojamoja. Andaa vichupa tofauti, kuanzia pH 7 hadi 2.5 kwa hatua ya 0.5, na kati ya 4.5 na 3 uwe na hatua ya 0.25. HCl yenyewe ni chumvi pia: pH 3 inaleta 1 mM, pH 2.5 inaleta 3.2 mM, kwa hiyo punguza NaCl ili jumla ibaki 10 mM. Sitrati na fosfati ziepuke, zinajishikiza usoni. Soma pH ndani ya kichupa baada ya kuchanganya; usiandike ile uliyokusudia.

Kila nukta iambatane na ukubwa. Zile za katikati zenye madonge usiziamini. Chora mstari kati ya nukta safi za pande mbili na uripoti masafa, kwa mfano 3.4 hadi 3.8.

Usijaribu kuhakiki kwa kukokotoa kutoka mfuatano wa protini ya koti. Utapata karibu na 9, maana amino asidi nyingi zenye chaji chanya ziko upande wa ndani, zimeshikana na RNA. Kapsidi pia ina matundu, maji na ioni vinapita, si mpira mgumu. Hakiki kwa faji ya pili: φX174 ikipitia hatua zilezile inapaswa kuvuka sifuri karibu na 6.6. Zote mbili zikikupa 5.6, unapima uchafu.

Kuhusu mchanga wako: kwatzi ina nukta kati ya 2 na 3, kwa hiyo kwenye pH 7 inasukumana na MS2. Mchanga wenye kutu ya chuma ni habari nyingine, huo unavuta. Na maji halisi yana kalsiamu; rudia kipimo cha pH 7 ukiwa na CaCl₂ 1 mM badala ya sehemu ya NaCl (3 mM inatoka, ili jumla ibaki 10) uone mwendo unashuka kiasi gani.