TUPEANE UZOEFU: Kibodi za mekanika kwa ajili ya gemu, asilimia 60 mpaka saizi kamili, dola 30 mpaka 200

MezaFinyu

Wakuu, habari za muda huu. Maswali ya kibodi ni mengi na majibu yametawanyika, tuyaweke hapa pamoja. Ukichangia, taja saizi na bei. Ukisema kitu ni kibovu, eleza kinaharibikia wapi na kwa nini. "Iko poa sana" haimsaidii mtu.

Naanza na vipimo, kwa sababu watu wanatazama taa kabla ya kupima meza. Kutoka katikati ya kitufe kimoja cha herufi hadi katikati ya jirani yake ni milimita 19.05, na karibu kila kampuni inafuata kipimo hicho. Kwa hiyo unaweza kupiga hesabu hata kama muuzaji hajaandika chochote. Asilimia 60 (vitufe 61) ina upana wa vitufe 15, ambao ukiongeza fremu ni kama sentimita 29. Asilimia 65 (vitufe 67 au 68) ni vitufe 16, karibu sentimita 31. TKL, ile isiyo na namba za pembeni, ina vitufe 87 na inafika sentimita 36. Saizi kamili ya vitufe 104 inafika 44.

Chukua meza ya sentimita 80. Saizi kamili inakuachia 36 za mausi, TKL 44, asilimia 60 inakuachia 51. Anayecheza CS2 au Valorant (gemu za risasi) kwa mausi yenye hisia ndogo anageuka kwa mkono mzima, hivyo 36 hazimtoshi. Anayecheza Dota 2 anageuza kiganja tu, hana haja ya kukimbilia kibodi ndogo.

Kitu ambacho wauzaji hawasemi: asilimia 65 na asilimia 75 zina upana unaokaribiana sana. 75 imeongezewa mstari wa F (F1 hadi F12) juu, yaani kama sentimita 2 za kina. Kama shida yako ni nafasi ya mausi, 65 haikupi cha maana kuliko 75. Kwa maoni yangu 65 ni ya watu wanaopenda inavyoonekana, basi.

KitufeChaTatu

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze kuhusu asilimia 60, maana ndiyo ya bei nafuu na ndiyo vijana wengi wanaanza nayo (Redragon K617, RK61 na ndugu zake, dola 30 hadi 45).

Kwenye 60 hakuna mstari wa F, hakuna mishale, hakuna Delete. Vyote vinapatikana kwa kushikilia Fn. Esc nayo imekalia kiti cha kitufe cha ` kilicho kushoto ya namba 1. CS2 inafungua konsoli (dirisha la kuandika amri) kwa kitufe hicho hicho, kwa hiyo ukibonyeza inakuja menyu badala ya konsoli. Dawa: ingia kwenye mipangilio ya gemu, hamishia konsoli kwenye kitufe usichokitumia. Usitegemee Fn+Esc katikati ya mechi.

Minecraft ya Java ni mbaya zaidi. Skrini ya taarifa ni F3, kwako inakuwa Fn+3. Kuonyesha mipaka ya viumbe ni F3+B, kwako ni Fn+3+B, vidole vitatu kwa kazi ya viwili. Anayecheza hiyo kila siku achukue 75 au TKL. Na kama kompyuta hiyo hiyo inafanya hesabu za duka kwenye Excel, 60 sahau kabisa.

Luthuli_Mchana

Kabla ya saizi na switchi, hakikisheni ni mekanika kweli, yaani kila kitufe kina switchi yake (kijisanduku chenye springi) chini. Hapa Nairobi pale Luthuli Avenue, na najua Kariakoo ni hivyo hivyo, kuna kibodi kibao zenye taa za upinde wa mvua ambazo ndani ni mpira. Kwenye boksi wanaandika kwa ujanja kwamba ina "hisia ya mekanika". Seti za vitu vinne kwa pamoja, kibodi, mausi, hedifoni na mausipadi, kwa bei ya kutupa, usijisumbue hata kuuliza.

Namna ya kupima ukiwa dukani: omba kivuta vifuniko, au tumia kadi mbili ngumu, ng'oa kifuniko cha herufi moja. Mekanika utaona kijisanduku cha plastiki kilichokaa peke yake na katikati kuna msalaba wa rangi. Ukiona bomba la plastiki linaloingia kwenye mwili wa kibodi, huo ni mpira.

Jaribio la pili, chomeka kwenye kompyuta, shikilia Shift zote mbili kwa pamoja kisha andika alfabeti nzima. Kibodi ya mpira ya kawaida itameza baadhi ya herufi, kwa sababu nyaya za ndani zinashirikiana na vitufe fulani havisomeki kwa wakati mmoja. Mekanika nzuri inatoa zote 26. Kwenye gemu herufi iliyomezwa ndiyo ile unaruka huku unakimbia na kuchutama, halafu moja haifanyi kazi.

SwitchiNyekundu

Rangi za switchi kwa kifupi, nikitumia namba za Cherry MX kwa sababu wengine wote wanaiga hapo. Nyekundu inashuka moja kwa moja bila kigongo (kikwazo kidogo unachokihisi njiani), nguvu kama gramu 45, inasoma (kompyuta inapokea) ikifika milimita 2.0. Kahawia ina kigongo kidogo, gramu 55. Bluu ina kigongo na mlio, gramu 60, inasoma kwenye 2.2. Fedha ni kama nyekundu ila inasoma kwenye 1.2.

Bluu kwa gemu za risasi siipendekezi, na sababu si kelele peke yake. Mahali inaposoma na mahali inapoachia ni tofauti. Lazima kitufe kipande juu zaidi ndipo ukubaliwe kubonyeza tena, kwa hiyo kugonga A-D-A-D (kushoto-kulia) kwa haraka kunachelewa. Kelele nayo, maiki ikiwa wazi kwenye Discord timu nzima inakusikia.

Fedha ina tatizo la kinyume. Kidole kikipumzika tu juu ya kitufe, kimesoma. Kwenye gemu ni raha, kwenye kuandika barua utajaza herufi za ziada. Kwa kibodi moja ya kila kitu, nyekundu au kahawia.

MezaFinyu

@SwitchiNyekundu hapo kwenye kahawia tutabishana siku nyingine. Kigongo chake ni kidogo mno, unalipia kitu usichokihisi.

SolderaWaMbeya

Mimi naongelea kibodi zinazokubali kuchomolewa switchi bila kulehemu. Kwangu hiki ndicho kigezo namba moja kwa bajeti yoyote ile, kwa sababu switchi moja ikifa unabadilisha kwa nusu dakika. Ila kuna mtego kwenye za bei ya chini.

Soketi ziko za aina mbili. Za kwanza ni vijibomba vyembamba vilivyotengenezwa kwa switchi za Outemu, ambazo miguu yake ni myembamba kuliko ya Cherry, Gateron au Kailh. Ukilazimisha Gateron humo inaingia, lakini bomba linapanuka. Siku ukirudisha Outemu inacheza cheza na kitufe kinasoma kikitaka. Aina ya pili ni soketi pana za plastiki zilizolehemiwa chini ya bodi, zinapokea karibu kila switchi yenye msalaba wa MX. Ulizeni muuzaji swali moja: "Inapokea Gateron?" Akijibu Outemu tu, mmeshajua.

Na kuna miguu mitatu na miguu mitano. Ya mitano ina vijiti viwili vya plastiki vya ziada pembeni. Bodi ikiwa na matundu matatu tu, kata vijiti hivyo viwili kwa mkasi wa kucha, switchi itakaa bila tatizo.

Kuchomeka: kwanza nyoosha miguu ya shaba kwa kibano, iwe wima kabisa. Tazama mwelekeo wa matundu, shusha switchi wima, bonyeza kwa vidole gumba viwili. Ikigoma, ITOE uangalie. Aliyesukuma kwa nguvu mguu unakunjika chini na kitufe hakisomi, na anadhani kibodi imekufa. Ukiweza kufungua kibodi, weka kidole nyuma ya soketi wakati unasukuma, kwa sababu ile ya plastiki imeshikwa na lehemu ya juu juu tu. Ikibanduka inaweza kuondoka na kipande cha njia ya shaba, na hapo ni kazi ya kuunga kiwaya.

Chumvi_ya_Nyali

Hilo la soketi lina uzito zaidi kwetu wa pwani. Mombasa, Tanga, Dar, Unguja, hewa ina chumvi na unyevu, na switchi ya kawaida ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Vikianza kuota kutu, kitufe kinaandika mara mbili au hakiandiki. Hatua kwa hatua: ng'oa switchi hiyo, weka nyingine kutoka kitufe usichokitumia, kwa mfano Scroll Lock. Tatizo likihama na switchi, ni switchi. Likibaki pale pale, ni soketi au bodi.

Kama bado huna switchi ya akiba, puliza dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme kidogo ndani ya switchi, bonyeza mara hamsini, acha ikauke kabisa kabla ya kuchomeka kebo. WD-40 ya kawaida hapana. Inaosha grisi yote iliyokuwemo na kuacha utando unaokusanya vumbi.

Kwa kibodi inayokubali QMK (programu ya ndani ya kibodi unayoweza kuibadilisha mwenyewe) kuna njia ya muda: muda wa kusubiri mtetemo wa kitufe kwa kawaida ni milisekunde 5, ongeza hadi 10. Kuandika mara mbili kutapungua. Ni kiraka tu, kutu inaendelea.

WASD_Mascati

Hapo ndipo switchi za sumaku zinaposhinda. Hakuna chuma kinachogusana. Kuna sumaku kwenye shina na kihisi kwenye bodi kinachopima umbali. Wooting 60HE ndiyo iliyozipa jina, bei yake kama dola 175, SteelSeries Apex Pro iko hapo hapo au juu. Siku hizi kuna za Kichina za asilimia 60 kwa dola 40 hadi 60.

Faida yake kwenye gemu ni rapidi triga: kitufe kinaachia pale pale kinapoanza kupanda, hata milimita 0.1, hakisubiri kufika mahali maalumu. Kwenye CS2 unasimama papo hapo kabla ya kufyatua. Anzeni na 0.3 au 0.4, si 0.1. Kwenye 0.1 mtetemo wa meza tu unaweza kukuachisha kutembea. Na fanyeni ulinganishaji upya kwenye programu yake kila mkibadilisha switchi. Switchi za sumaku haziingiliani na za kawaida, na hata zenyewe kwa zenyewe hazilingani zote kwa nguvu na upande wa sumaku, kwa hiyo fuata orodha ya mtengenezaji.

Angalizo: ile kazi ya kibodi kukuchagulia kati ya A na D ukishika zote mbili, ambayo Razer waliita Snap Tap, Valve waliipiga marufuku kwenye seva zao za CS2 mwezi Agosti 2024. Unatolewa kwenye mechi. Izimeni. Rapidi triga yenyewe haina shida.

Kuhusu kibodi kuripoti kwa kompyuta mara 8000 kwa sekunde: 1000 ni milisekunde 1, 8000 ni 0.125. Kama ping yako (milisekunde za kwenda na kurudi kwenye seva) ni 110, hiyo 0.9 unayookoa haionekani popote. Usiongeze hata dola kumi kwa ajili yake.

KitufeChaTatu

Bajeti kama ninavyoziona (bei za mtandaoni, usafiri haumo):

Dola 30 hadi 40, Redragon K552 ni TKL ngumu kweli kweli, bati la juu ni chuma. Keychron C3 Pro ni TKL pia na inakubali QMK, ila toleo la kwanza switchi zake zimelehemiwa. Kati ya hizo mbili, kwa pwani, angalieni maelezo ya Chumvi hapo juu.

Dola 50 hadi 70, asilimia 75 kama Aula F75. Hapa ndipo pesa inapofanya kazi kubwa zaidi: soketi pana, sponji ndani, sauti nzuri.

Dola 80 hadi 110, Keychron V1 (75) au V3 (TKL). Plastiki, lakini stebilaiza (viwaya chini ya vitufe virefu) ni za skurubu na QMK imekamilika.

Zaidi ya 150 kama si sumaku, unalipia alumini.

SolderaWaMbeya

Mmeziruka stebilaiza, na ndizo zinazotofautisha ya dola 35 na ya 100 masikioni. Ni kile kiwaya chini ya Space, Enter na Shift. Gonga Space kwenye ncha zote mbili: ikilia kama kopo, kiwaya ni kikavu au kimepinda.

Toa kiwaya, kilaze juu ya kioo. Ncha moja ikielea, kinyooshe taratibu mpaka zote mbili ziguse. Paka grisi ya silikoni ya umeme (maduka ya spea za magari wanayo, ile ya plagi) kwenye ncha zinazoingia kwenye plastiki, kiasi cha punje ya mchele kila upande. Kwa switchi zenyewe ni grisi ya Krytox 205g0, utando mwembamba usioonekana, na switchi za bluu msiguse kabisa, mlio utakufa. Vaseline hapana, joto letu linailainisha na inaweza kutiririka kwenye bodi.

WASD_Mascati

La mwisho kwa wanaoagiza. Angalia umbo la Enter kwenye picha. Iliyolala ni ya Marekani, iliyosimama kama L iliyogeuzwa ni ya Ulaya, na seti nyingi za vifuniko vya bei nafuu zina ya Marekani tu. Kwa 65 na 75 angalia pia kama seti ina Shift ya kulia fupi, yenye upana wa vitufe vya herufi 1.75. Seti ya saizi kamili huja na ya 2.75 na haiingii.

Wanaotuma kwa wakala wa ndege hutoza kwa kilo. Kibodi ya plastiki ya 75 ni kama kilo moja hivi. Keychron Q1 ya alumini ni zaidi ya kilo moja na nusu kabla ya boksi, kwa hiyo muulize wakala kwanza kama anapima uzito au ukubwa wa boksi.