Gari lisilo na bima likikugonga, nani alipe: mwenyewe au serikali?

Mwana wa Ahero: Wadau, mwezi wa tatu mama aligongwa na Probox, yale magari madogo ya abiria, pale Nyamasaria akitembea kando ya barabara. Paja limevunjika. Abstrakti ya polisi, ile ripoti ya ajali, tumepata, na kwenye bima imeandikwa hakuna. Stika ya bima ilikuwa imeisha wiki mbili kabla. Dereva ni wa kuajiriwa, hana hata baiskeli. Mimi nasema serikali iunde hazina ya kuwalipa watu kama mama, hata kama ni senti kidogo kwa kila lita ya mafuta. Mnaonaje?

Baba Terry: Pole kwa mama. Lakini mafuta tena? Tayari tunakatwa shilingi 25 za barabara kila lita na mashimo yako palepale. Hazina ikiundwa leo, kesho imeliwa.

Jirani wa Menengai: Mbona hazina ipo, ile ya fidia ya wenye bima? Aende huko. Halafu tuambiane ukweli, nyinyi watu wa Kisumu mnajazana tisa kwenye Probox mkijua haina bima, ikiua mnataka mtu wa Nakuru achange.

Shangazi wa Kondele: Umesoma kweli wewe? Mama wa watu alikuwa anatembea kwa miguu. Tisa wametoka wapi? Na mtu wa Nakuru ana mdomo wa kutusomea ajali? Salgaa kwenu kule kwenye ajali nyingi, iko Siaya?

Jirani wa Menengai: Salgaa ni malori ya wapita njia. Si yetu.

Shangazi wa Kondele: Aha. Kumbe likiwa la mpita njia haliui.

Mkaazi wa Luanda: Mnaongea kama watu wenye chaguo. Kwetu ndani hakuna matatu inayoingia mvua ikinyesha. Nakaa kwenye buti, kuku wa mtu amenikalia magotini, nani anauliza stika? Mkiziondoa hizo Probox, Menengai utanibeba mgongoni?

Jirani wa Menengai: Kuku afunge mshipi.

Shangazi wa Kondele: Huyu hajawahi kupanda gari la kulipia, naona.

Karani Mstaafu: Turudi kwa mwenye swali. Hazina aliyotaja Menengai ni ya kampuni ya bima iliyoanguka ikiwa na madeni ya wateja. Gari ambalo halikuwa na bima kabisa halimo. Na hata lingekuwa nayo, thadi pati, yaani bima ya kumlipa aliyegongwa, kwa sheria ya bima ya magari, sura ya 405, inafika mwisho shilingi milioni 3, kwa hiyo msiiote sana. Mwana wa Ahero, usihangaike na dereva peke yake. Tafuta kwa NTSA, wale wa kusajili magari, jina la nani limesajiliwa. Sheria humhesabu huyo kuwa mwenye gari mpaka athibitishe si lake. Washtaki wote wawili, ndani ya miaka 3 tangu ajali. Dai lisilozidi milioni 1 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako kesi inatakiwa kuisha kwa siku 60. Kushinda ni nusu ya kazi tu. Nimeona hukumu zikikaa kwenye droo hadi karatasi inageuka njano kwa sababu hakuna wa kukamatiwa mali. Chunguza kwanza kama ana shamba.

Baba Terry: Mzee, hapo kwa kusajiliwa. Ikiwa mtu aliuza gari tangu 2022 na mnunuzi akasema atahamisha jina mwenyewe?

Karani Mstaafu: Mkataba wa mauzo unao?

Baba Terry: Tulipeana mkono. Pesa zilikuja kwa simu.

Shangazi wa Kondele: Baba Terry, ni gari gani hilo?

Baba Terry: Ni la kawaida tu.

Jirani wa Menengai: Probox! Na wewe ulikuwa unalia na senti za mafuta 😂

Baba Terry: Probox nyeupe ziko nyingi hii nchi. Mnunuzi alikuwa wa Mumias, ingawa nilisikia alishaiuza tena. Simu yake haishiki.

Mwana wa Ahero: Iliyomgonga mama ni nyeupe. Yako inaanza na KBX?

Shangazi wa Kondele: Baba Terry?

Shangazi wa Kondele: Ametoka.