Nimekulia msitu wa Ituri, baba akiwa mwinjilisti. Niandikeje utoto wetu wakati kila mmoja ana msitu wake?

MtotoWaMisheni

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri, hasa mliolelewa kwenye vituo vya misheni.

Mwaka 1979 kanisa lilimtuma baba kutoka Tanzania kwenda Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kwenye kituo kidogo ndani ya msitu wa Ituri, upande wa Epulu. Nilikuwa na miaka 5, kaka 9, na mdogo wetu wa kike bado ananyonya. Tuliondoka 1988. Baba alishafariki. Mama yupo, amezeeka, na anataka niyaandike yale maisha yeye angali hai ayasome.

Nimefika kurasa 60 na zinakuja zenyewe. Usiku ule siafu walipoingia ndani, tukatolewa vitandani mbiombio na kulala jikoni uani, asubuhi tunarudi nyumba haina mende wala panya. Kuwinda na Wambuti, wenyeji wa msituni: wanaume wanatandaza nyavu nusu duara, akina mama na sisi watoto tunaingilia upande wa pili tukipiga kelele na kuchapa vichaka ili mboloko, wale paa wadogo, wakimbilie nyavuni. Msimu wa asali, rafiki yangu wa Kimbuti akipanda mti ambao mimi nilishindwa hata kuukumbatia, na kaa la moto limefungwa kwenye majani mgongoni, halafu moshi, halafu sega linashuka. Na siku baba alipotupeleka Epulu kuona okapi! Miguu ina milia ukadhani ni pundamilia, kumbe ni ndugu wa twiga, na ulimi wake unafika masikioni.

Shida imeanza nilipomtumia kaka. Alijibu mstari mmoja: "Huo msitu wako mimi siujui."

Kaka alipelekwa shule ya bweni mbali, kule nyanda za juu mashariki, mwaka uleule tulipofika. Nyumbani alikuja likizo tu. Mama naye anataka kiwe kitabu cha ushuhuda, machozi yakae pembeni. Kuna usiku mdogo wetu alishikwa na malaria mpaka degedege, na mama akakaa na redio ya mawimbi mafupi hadi alfajiri akingoja saa ya kuongea na daktari wa hospitali ya Nyankunde. Nimeuandika. Mama anasema niutoe.

Niandike ya nani? Na yule rafiki yangu, ambaye tangu vita vya Kongo sijui yuko wapi, nina haki ya kumweka humo?

Kalamu_Tulivu

Pole na hongera. La kwanza kabla ya yote: mrekodi mama wiki hii, kwa simu tu inatosha. Mimi nilichelewa kwa baba yangu. Kurasa zinaweza kungoja.

BintiMchungaji

Kaka yako namwelewa sana, maana mimi ndiye niliyekuwa bwenini. Watu hudhani kinachouma ni siku ya kuondoka. Mimi kilichoniuma ni siku ya kurudi. Unafika likizo, wadogo zako wanaongea na majirani lugha usiyoijua, wanakimbia njia usizozijua, wana michezo iliyoanza wewe haupo. Mama anakuwekea sahani nzuri kama mgeni. Halafu ukishaanza kuzoea, sanduku linafungwa tena.

Kwa hiyo alipokwambia hajui huo msitu, hakukutukana. Alikuambia ukweli. Usimwombe akusahihishie kurasa zako, muulize yeye alikuwa wapi siku zile. Sisi wa bwenini hilo huwa hatuulizwi, maana kila mtu anajua tulikuwa shule.

MtuWaIturi

Ndugu, mimi ni mzaliwa wa huko, kwetu ni Mambasa. Nimefurahi kusoma habari za nyavu, umezieleza vizuri. Lakini nina neno.

Fungua kurasa zako 60 uhesabu: rafiki yako anafundisha, anabeba, anapanda mti. Je, kuna mahali anakasirika? Anachoka? Kuna mahali tunamjua mama yake? Kama hakuna, basi bado hujamwandika, umeandika mti na asali. Wambuti hawakukaa pale kuwatumikia watoto wa misheni. Walikuwa na mapatano yao na wanavijiji, nyama na asali kwa ndizi na mihogo, pamoja na ugomvi wake. Bila shaka ulisikia usiku sauti ya molimo, tarumbeta ya ibada yao, ikitoka msituni. Andika kwamba uliisikia ukiwa kitandani, ukomee hapo. Hata wenyewe hawaifanyi mbele ya kila mtu.

Kuhusu ruhusa: kama humpati, usitumie jina lake halisi, na picha yake usiiweke.

Tena usiuache msitu mwaka 1988. Hifadhi ya okapi ilitangazwa 1992, ikaingia Urithi wa Dunia 1996, na mwaka uliofuata tu ikawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini kwa sababu ya vita. Hospitali ya Nyankunde ilivamiwa 2002, watu wengi wakauawa. Juni 2012 wanamgambo waliingia Epulu wakaua watu, na okapi 14 waliofugwa kwenye kituo cha hifadhi pale wakauawa pia. Watu wa huko wakisoma kitabu kinachoishia kwenye asali, wataona umewasahau.

Mama_Pili

Mimi nasimama na mama. Usiku ule wa degedege ni wake kuliko ulivyo wako, wewe ulikuwa mtoto umelala. Usiutoe bado, lakini usiuchapishe mpaka akubali. Muulize taratibu nini hasa anakiogopa. Huenda si machozi. Huenda usiku ule alisema kitu ambacho mke wa mwinjilisti hakutakiwa kukisema.

MtotoWaMisheni

Nimerudi, wakuu. Nimesoma yote mara kadhaa.

MtuWaIturi, nimehesabu. Hakuna ukurasa hata mmoja anaokasirika, na alikuwa mkali kweli. Aliwahi kuninunia siku nyingi kwa sababu nilicheka alipoanguka. Nimeanza upya sura yake.

Mama_Pili, ulilenga. Mama amekiri kwamba usiku ule alimwambia baba anarudi Tanzania na watoto, na baba akanyamaza. Hajaamua kama niliandike. Nimemwachia.

Kaka nilimpigia, nikamuuliza swali la BintiMchungaji. Alikaa kimya, akasema atanitumia sauti. Imekuja jana, dakika 40. Anaanza na chumba cha redio pale shuleni, watoto wamepanga foleni kuongea na wazazi wao. Anasema vituo vyote vilikuwa vinasikilizana kwenye masafa yale, kwa hiyo sauti ya mama ilipotoka alijibu kila mara kwamba yuko salama, halafu akawahi kumpisha aliyekuwa nyuma yake.