Pakeji moja majina matano: nani aliwatuma wenye distro kubatiza upya maktaba za watu?

Wakuu, leo salamu fupi. Nimekereka.

Unaandika pip install (pip ni kisakinishi cha pakeji za Python) kwenye Debian 12, mojawapo ya distro, yaani matoleo ya Linux, inakukatalia. Mazingira haya yanasimamiwa na mfumo, inakwambia, jaribu apt install python3-xyz, ambapo xyz ni pakeji unayotaka kuisakinisha. Sababu ya kukataliwa naijua, ni PEP 668, kanuni ya Python ya kuzuia pip isije ikakanyaga mafaili ya apt (kisakinishi cha Debian yenyewe) na mfumo ukavurugika. Hilo silipingi. Ninachopinga ni hiyo xyz. scikit-learn kule inaitwa python3-sklearn. beautifulsoup4 ni python3-bs4. PyYAML ni python3-yaml. python-dateutil ni python3-dateutil, maana hapo "python" ya mbele imemezwa. Yaani ujumbe wenyewe unakuelekeza kwenye mlango ambao haupo!

Najua kuna wajuaji wanakuja kunielimisha kwamba Debian ina kanuni: jina la pakeji linafuata kile unachoandika kwenye import, yaani unapoiita maktaba ndani ya kodi. Nimeisoma. Ni kanuni yenye akili kabisa, ila inamfaa mtu ambaye tayari anajua moduli inaitwaje. Mimi mkononi nina requirements.txt, orodha ya pakeji ambazo mradi unazihitaji, na humo kumeandikwa majina ya PyPI (ghala ambako pip inachukua pakeji), si ya import. Halafu hamia Fedora: wao wanafuata PyPI, kwa hiyo ni python3-pyyaml na python3-beautifulsoup4. Nenda Arch: python-yaml, lakini python-beautifulsoup4 na python-pyserial. Hapo wamefuata kanuni gani? Alpine ni py3-yaml. Gentoo ni dev-python/pyyaml. Maktaba ni ileile, kodi ni ileile, aliyeiandika ni yuleyule.

Na msiseme ni usumbufu mdogo tu wa kutafuta. Mimi nimeshaliwa. Nilikuwa nimezoea python3-serial, ile ya kuongea na vifaa kupitia porti. Siku moja nikiwa ndani ya venv, mazingira ya Python yaliyotengwa na mfumo ambako pip haikataliwi, nikaandika pip install serial. Ikaingia bila kelele, import serial ikapita, nikafika serial.Serial naambiwa hakuna kitu kama hicho. Jioni nzima natafuta kama kuna faili langu nimeliita serial.py likaifunika maktaba (kila mwenye Python ameshawahi kufanya ujinga huo, usijifanye). Kumbe kwenye PyPI "serial" ni maktaba nyingine kabisa, haina habari na porti. Niliyoitaka inaitwa pyserial. Mambo ni yaleyale kwa jwt: ipo inayoitwa jwt, ipo PyJWT, ni miradi miwili, zote unaziita kwa import jwt. Sasa mtu aliyejifunza jina kutoka python3-jwt atajuaje aichukue ipi? Siku atakayokosea akaangukia pakeji iliyopandwa na mhalifu kwa kutegea majina yanayokanganya, tutamlaumu yeye kwamba hakuwa makini.

Perl, lugha nyingine ya kuandika programu, ndiyo vichekesho. Kwa Debian, Foo::Bar inageuka libfoo-bar-perl, kwa hiyo XML::LibXML imekuwa libxml-libxml-perl. Fedora nao wakachukua libwww-perl, ambayo aliyeiandika aliiita hivyo tangu mwanzo, wakaibandika kiambishi chao: perl-libwww-perl. Isomeni kwa sauti. Ruby, Rust na Haskell nisiwachoshe, nendeni mkaangalie wenyewe librust hii na libghc ile.

Sidai distro zote zifanane, hilo najua halitatokea. Nadai kitu kidogo: pakeji iitike kwa jina alilopewa na aliyeiandika. Uwezo upo. Fedora ukiandika dnf install 'python3dist(pyyaml)' (dnf ndiyo apt yao) inaitika, 'perl(JSON)' inaitika, haijalishi pakeji yenyewe wameiitaje. Ni jina la ziada tu limeandikwa ndani yake. Debian hawaruhusu mabano wala herufi kubwa kwenye majina, sawa. Basi python3-pyyaml ina mabano gani? Ina herufi kubwa ipi? Sehemu ya Provides, ya kuandika majina ya ziada ambayo pakeji inaitikia, wanayo na wanaitumia kwa mambo mengine kila siku.

Na tafadhali asije mtu na "tumia apt search". Tafuta yaml humo uone orodha itakayokushukia, halafu urudi hapa.

Kama humu kuna mdau anayetunza pakeji kwenye distro yoyote, swali langu kwake ni moja na nataka jibu, si link ya kanuni: kuongeza mstari mmoja wa Provides kunakugharimu nini?