Tupeane uzoefu: askari anafanya nini mchawi akishamaliza kazi?

Dadu_ya_Dunga (Kisumu)

Wadau wa gemu za mezani, hasa sisi wa Dungeons & Dragons (gemu ya kusimulia ambamo kila mtu anaigiza mhusika wake, kama askari au mchawi, na dadu zinaamua matokeo) tuliotapakaa Kisumu, Nakuru, Kakamega na vitongoji vyake: kila meza ninayopita nasikia kilio kile kile. Levo zikipanda, mwenye uchawi anang'aa na mwenye upanga anageuka mbeba mizigo. Msiniletee hesabu za intaneti. Semeni yaliyowakuta mezani kwenu.

Nafungua mimi. Sisi huchezea Milimani, Jumamosi mchana, kwa sheria za toleo la 2014. Levo za mwanzo askari ndiye baba. Dadu yake ya uhai (inayopima anahimili maumivu kiasi gani) ina pande 10, ya mchawi ina 6, na goblin, kale kajitu kaovu, mwenye upinde akibahatika mara mbili tu mchawi yuko chini. Wakifika levo ya 5, askari anaongezewa pigo la pili. Mchawi anapata mpira wa moto: maumivu ya dadu 8 za pande sita juu ya kila aliyesimama ndani ya futi 20 kutoka pale unapolipukia.

Watu hubishania hapo, nami naona wanabishania pasipo penyewe. Askari wetu anapiga vizuri tu. Likija jitu moja kubwa lenye uhai mwingi, yeye ndiye analimaliza. Kilichotuvuruga ni ukuta. Tulikuwa tunataka kuingia ngomeni usiku, na anayecheza askari, kijana wa duka la vipuri, alikuwa amechora ramani nyuma ya risiti: walinzi wanabadilishana zamu wapi, kamba inafungwa wapi, nani anatangulia. Mchawi akamwacha amalize, kisha akasema, "Mimi naruka." Speli (tendo moja la uchawi) ya ngazi ya 3, dakika kumi hewani. Akapaa na kamba, akaifunga juu, basi. Ramani ikakunjwa. Kijana alikaa akizungusha dadu ya pande 20 ndani ya kifuniko cha Blue Band mpaka jioni.

Kwangu mimi pengo liko hapo, kwenye kuta, milango na mito. Upanga unajibu swali moja, speli zinajibu ishirini. Ninyi je?

Tisha_wa_58 (Nakuru)

Ndugu yangu, mchawi wenu alilala saa ngapi? Nauliza kwa dhati. Mwongozo wa 2014 unakadiria kwamba kundi linaweza kuhimili mapambano sita hadi nane ya wastani au magumu kwa siku moja. Meza ngapi huku kwetu zinafika hata matatu? Watu wanapigana mara moja, wanapiga hema, wanalala muda wa saa nane, mchawi anaamka na speli zake zote. Kwa mwendo huo askari atakosaje kuonekana mdogo?

Meza yangu ni ya wanafunzi wangu wa zamani, tunakutana Section 58 shule zikifungwa. Niliwapa kazi yenye saa ndani yake: mateka watavushwa mto alfajiri. Kulala hakuna. Pambano la kwanza mchawi alitamba, mpira wa moto, kila mtu akapiga makofi. La pili akatamba nusu. Kufika la nne anahesabu speli kwa vidole, na askari, aliyekuwa amepumzika saa moja tu chini ya mti, amerudishiwa ile nguvu yake ya kutenda mara mbili katika zamu moja. Pambano la mwisho lilikuwa lake. Mchawi alikuwa nyuma anarusha vispeli vya bure na kuomba Mungu.

Halafu hiyo habari ya milango. Speli ya kufungua kufuli inatoa mlio unaosikika futi 300. Soma maelezo yake hadi mwisho. Mezani kwangu, tangu niusome mlio huo kwa sauti, mhusika wetu mwizi ana kazi ya kudumu.

Kofia_Ndefu (Kakamega, Lurambi)

Mimi ndiye mchawi mnayemsema, si wenu lakini wa meza nyingine, na nina malalamiko. Mnasimulia siku tulizofaulu tu.

Kuruka ni speli ya kushikilia kwa makini. Ukipigwa, unarusha dadu ya kuhimili: lazima ufikishe 10, au nusu ya maumivu uliyopata ikiwa ndiyo kubwa, la sivyo speli inakatika. Mimi nilikuwa futi 60 juu ya korongo, natamba, mshale ukanipata, nikarusha 4. Kila futi 10 za kuanguka ni dadu moja ya pande sita. Jumlisheni wenyewe. Kasisi, mhusika wetu wa kuponya, alinifikia nimebakiza dadu moja ya kifo, nikiikosa nafa.

Tangu hapo nimebadilisha mtindo. Speli yangu nzuri ya ngazi ya 3 siichomi tena kwenye umati wa maadui, namwekea askari wetu ile ya kumwongezea kasi. Anakimbia mara mbili, anapata pigo la ziada, anavunja mstari. Mezani wanamshangilia yeye na mimi naridhika. Kasoro ni moja: nikipigwa mimi na kuipoteza, yeye ndiye anayeganda zamu nzima mbele ya adui. Ameshanitukana kwa Kiluhya na Kiswahili.

Dadu_ya_Dunga

@Kofia_Ndefu sawa, lakini hebu tazama: hata hapo askari anang'aa kwa hisani yako. Ukiamua kumnyima, amenyimika.

Mzee_wa_Maseno

Vijana wangu, jambo hili ni la zamani kuliko wengi wenu. Gemu yenyewe ilitoka mwaka 1974. Kile kitabu cha wachezaji cha 1978 ndicho nilichoanzia, nakala ya fotokopi iliyopita mikono mingi, na mizani yake ilikuwa ya kikatili. Mchawi wa levo ya 1 alikuwa na dadu ya uhai ya pande 4 na speli moja kwa siku. Moja! Ukishaitupa, wewe ni mtu mwenye kisu na kanzu. Na kupanda levo hakukuwa sawa: mwizi alihitaji alama 1,251 za uzoefu kufika levo ya 2, askari 2,001, mchawi 2,501. Kwa hiyo nguvu yake ya baadaye alikuwa ameilipia.

Askari naye akifika levo ya 9 akajenga ngome, watu wenye silaha walikuja kumtumikia. Hilo ndilo nalililia. Mezani kwetu askari alikuwa na ardhi, kodi, majirani wa kugombana nao. Mchawi alikuwa na speli kali, lakini akitaka jeshi alipiga hodi kwa askari. Toleo la 3 la mwaka 2000 likaweka jedwali moja la alama kwa wote, na dai la askari juu ya watu likaachwa njiani. La 2008 lilijaribu kuwapa wote mbinu za muundo mmoja, watu wakapiga kelele kwamba kila mhusika anafanana na mwenzake. Mimi sikulichukia hivyo, lakini tuliache.

Nyar_Kano (Ahero)

Mzee, asante. Mimi swali langu ni hili: nani alisema asiye mchawi lazima awe mtu wa kawaida? Luanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo, alisoma kitabu gani cha uchawi? Mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ya Wanandi ikimgonga inaanguka, na alikuwa askari tu, mwenye ngao, pombe na wake. Gor Mahia, yule mganga wa Kanyamwa aliyeipa klabu ya soka ya K'Ogalo jina, ndiye wa kubadilika maumbo na kutoweka. Hadithi zetu zina wote wawili na hakuna anayeuliza nani kamzidi mwenzake.

Kwa hiyo mezani kwangu, askari akifika levo ya 11, pamoja na pigo lake la tatu anachagua sifa ya kishujaa. Dada mmoja akachagua mwili wa jiwe: silaha za kawaida zinamuumiza nusu. Bei yake, kama ya Magere, ni kivuli. Ukikichoma kivuli chake, umemchoma yeye, na jiwe halisaidii.

Mngeona kilichotokea. Tumeingia pangoni, mchawi kama kawaida yake akawasha mwanga kwenye fimbo, na papo hapo kivuli cha askari kikajitandaza ukuta mzima, kirefu kama mvule. Maadui wana mikuki. Meza nzima ikapiga yowe, "Zima!" Kuanzia hapo kila uchawi wa moto au mwanga ulijadiliwa kwanza: mwanga utatoka upande gani, kivuli kitaangukia wapi, nani atasimama juu yake kukilinda. Mchawi aliyezoea kutupa mpira wa moto bila kuangalia nyuma akawa anaomba ruhusa.

Kofia_Ndefu

Nyar Kano, si huo nao ni uchawi? Umempa askari uchawi ukaubandika jina jingine.

Nyar_Kano

Hana speli, hana nafasi za speli, uwanja wa kuzima uchawi (speli inayozima uchawi wote ndani yake) haumgusi. Ndivyo alivyo. Wewe omera ukiona joka la tani kadhaa linaruka ndani ya uwanja huo huo bila kuanguka, mbona huulizi?

Krate_Tatu (Nakuru)

Sisi tulihama. Pathfinder, gemu nyingine ya aina hii, toleo la 2 la 2019. Kila mtu ana vitendo vitatu kwa zamu na speli nyingi zinakula viwili, kwa hiyo mchawi anatupa kitu kimoja na kusogea, basi. Sasa wanaolalamika ni wachawi. Nimepumzika.

Zamu_ya_Usiku (Kisumu)

Niseme tofauti kidogo, mnisamehe. Mimi ni muuguzi, nacheza askari, na sitaki kuokolewa na yeyote kati yenu. Natoka wodini asubuhi, nalala kidogo, nakuja mezani na chapo zangu. Wiki nzima nimehesabu dozi na kujaza fomu. Mkinipa orodha ya speli thelathini nitarudi nyumbani. Nataka kusema "nampiga," nirushe dadu, nimpige.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Mwendesha meza, yaani msimulizi wa gemu, akiuliza, "Mnafanya nini?" aniulize mimi kwanza mara moja moja, kabla mwenye vitabu hajafungua mdomo. Wetu ameanza kufanya hivyo, na juzi nilimshawishi mlinzi wa lango atupitishe kwa kumkumbusha kwamba tuliwahi kuwa jeshi moja. Haikuhitaji speli, na mwendesha meza hakunirushisha hata dadu.

Dadu_ya_Dunga

Dada, hiyo ya kuulizwa kwanza naipeleka Jumamosi. Nyar Kano, tuma sheria za kile kivuli kamili, hasa hili: usiku wa giza totoro, kivuli kiko wapi?

Nyar_Kano

Hakipo. Mwendesha meza wetu anajuta kuniruhusu.